Tatu, Si Wewe Uliyemuua Farasi

Mwanangu Tatu,

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema habari za mpunga unasikiliza. Nikisema habari za shangazi yako na goti lake unasikiliza. Nikitamka farasi tu, mtandao wa Njombe unaharibika hapo hapo. Mimi si mjinga. Najua mtandao uliokatika na najua mtu aliyebonyeza kitufe. Basi leo utanisikia mpaka mwisho, maana karatasi haina kitufe.

Na barua hii nimeiacha wazi makusudi. Mtoto wa kaka yako ataipiga picha aiweke kwenye lile kundi la simu la mtaa, waisome wote waliokucheka. Asiyejua kusoma asomewe. Nimeiandika kwa mkono wangu, mimi wa darasa la saba, na hakuna aliyenisahihisha.

Kilosa hii wapo wenye watoto walimu, wapo wenye watoto manesi, yuko hata anayejidai mwanawe anaendesha treni ya umeme, ingawa mimi nimesikia anakata tiketi. Mwenye mtoto anayetibu farasi nilikuwa peke yangu. Nilisema sokoni, nilisema kwenye darasa la wanawake msikitini, nilisema kwenye foleni ya zahanati mpaka nesi akaniambia, "Mama Tatu, tumesikia, sasa kaa tukupime presha." Watu wanasema nilijisifu sana. Nilijisifu, ndiyo. Mwenye kitu ndiye anayejisifu, wao wangejisifu kwa nini?

Na sikuanza kujisifu ulipopata diploma. Nilianza ukiwa huna hata meno ya mbele, siku zile kuku wetu walipokuwa wanakohoa na baba yako, Mungu amrehemu, akawa anawamiminia dawa kwa kukadiria. Ulimshika mkono. "Baba, huyu ana wiki moja tu." Ukachukua kizibo cha soda, ukapima ya kifaranga mbali na ya mtetea mbali. Baba yako akanitazama akasema, "Huyu ametoka upande wako." Nikakubali. Nani angekataa?

Unakumbuka siku nilipokuja Mikumi? Nilivaa kitenge kipya na viatu vya harusi ya dada yako, nikateremka kwenye bodaboda pale getini kwenye ile kambi ya watalii ulikofanya kazi, nikiwa mwekundu wa vumbi toka kichwani. Nilikuletea mihogo na boga, ukaona aibu mbele ya wenzako, halafu ukala boga lote peke yako. Nilidhani farasi ni punda aliyeshiba. Ulipomtoa Malkia bandani, na lile doa lake jeupe usoni, mimi niliyekuzaa nikajificha nyuma yako. Ukamshika shavu, ukamwambia, "Msalimie mama." Akanipulizia pumzi ya moto usoni. Nimewasimulia watu pumzi ile mpaka leo.

Mtoto wake alikuwa anakohoa kama mzee mvuta tumbaku. Miezi kadhaa tu duniani na mapafu yameshaoza usaha. Ulikuwa umezungumza na mwalimu wako, daktari wa mifugo wa Morogoro, mkakubaliana dawa ya vidonge, erithromaisini, hata jina nimelikamata. Ukaviponda, ukavichanganya na maji ya sukari, ukamtilia mdomoni kwa bomba lisilo na sindano. Mimi nimesimama na boga langu nakutazama, nikasema moyoni, jamani, huyu nimemzaa mimi.

Nikakuuliza, "Sasa huyu mkubwa mbona humpi na yeye? Si ananyonyesha?"

Maana kwetu unajua tunavyofanya. Mtoto wa kunyonya akiumwa, mama naye anameza, ili maziwa yapeleke. Bibi yako alifanya hivyo. Mimi ulipokuwa na kifua nilikunywa sharubati yako ya rangi ya waridi, kijiko changu kijiko chako, na ukapona.

Ukacheka. "Mama, Malkia akiilamba hii anakufa."

Nikadhani unanitania.

"Tumbo la mtoto bado ni la maziwa," ukasema. "La mama yake ni pipa la majani. Humo ndani kuna vijidudu vinavyomsagia majani. Dawa hii inavifagia vizuri vyote, vinabaki vibaya. Ataharisha mpaka akauke."

Nikaona sasa kwa nini kila baada ya dawa ulimfuta mtoto mdomo kwa kitambaa, ukamweka mama nyuma ya ubao mpaka mdomo ule uwe safi, ukaosha ndoo, ukaosha mikono yako mpaka viwikoni. Na mtoto ulikuwa humtoi juani, kwa sababu dawa hiyo inamzuia kutoa jasho vizuri na jua la Mikumi lingemchemsha. Mzee Kibwana, yule mkuu wa watunza farasi, alikuwa ameegemea mlango anatafuna jiti. Akaniambia, "Mama, binti yako anamkalisha huyu kivulini kama bibi harusi. Bado kumpaka hina." Mimi nilicheka. Wewe hukucheka.

Jioni ile tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya chumba chako ukanieleza na habari ya watoto wachanga kabisa, wale wa siku chache. Nililishika neno kwa neno. Kwamba kichanga mwili wake umejaa maji kuliko wa mama yake, dawa ya sindano ikiingia inatawanyika, kwa hiyo kuna sindano ambazo kwa kila kilo yake anataka zaidi, si pungufu. Lakini figo zake bado zinajifunza kazi, hazijui kuitoa haraka, kwa hiyo sindano ya pili lazima isubiri kuliko ya mkubwa. Watu wanafanya kinyume, ukasema. Wanampa kidogo kidogo, mara kwa mara, kwa huruma. Haimponyeshi ugonjwa na inamuua figo. "Mtoto si mama aliyepunguzwa," ukaniambia. Nimewaambia watu maneno hayo mpaka wanawake majirani wakawa wananisemea kabla sijafika mwisho.

Halafu ikaja Idi, ukarudi nyumbani kula na sisi. Kabla ya kuondoka ulimwambia Mzee Kibwana mbele ya wenzake: mtoto peke yake, mfute, mtenge. Akaitikia, "Nimeelewa, daktari." Umefika kwetu umekula pilau, umelala, asubuhi umeondoka na kifurushi cha nyama cha kuwapelekea wenzako. Ulipofika bandani, Malkia alikuwa ameshainamisha kichwa, na sakafu nzima ni maji ya kijani.

Yaliyofuata ulinisimulia mara moja tu, umegeukia ukutani. Leo nayasema mimi, hadharani, kwa sababu wewe hutayasema.

Uliuliza nani kampa mama dawa. Mzee Kibwana akasema, "Mimi? Dawa ni zako, uliziacha hovyo, kamwaga nani?" Ulisema aitwe mwalimu wako kwa simu. Meneja wa kambi, Fredi, akasema kwanza umeua, sasa unataka kumalizia kwa simu. Wageni walikuwa wamesimama na kamera zao. Malkia alipoanza kuanguka, meneja alichukua kamba yake akakuwekea mkononi. "Shika. Aliyeanza ndiye amalize." Ukashika. Mnyama akaanguka, akainuka, akaanguka, na mtoto wake nyuma ya ubao anamwita, na wewe umeshika kamba mpaka ikalegea yenyewe.

Hapo ukaomba kitu kimoja. Hukuomba kazi. Uliomba wakuache umalize dawa ya mtoto, maana ilikuwa katikati na kifua kimeanza kufunguka. Meneja akasema hakuna dawa ya muuaji itakayoingia mdomoni mwa mnyama wake tena. Wakakutoa getini na begi lako, gari la kambi limesimama tupu na dereva anatazama pembeni. Mzee Kibwana akakusindikiza kwa maneno: "Msichana, rudi ukatibu kuku wa mama yako." Ukatembea mpaka barabara kuu ya Iringa, mahali ambapo hata wanaume hawatembei kwa kuogopa tembo.

Mtoto wa Malkia walimpa maziwa ya ng'ombe na wakaacha vidonge. Alikohoa mpaka akaacha kupumua.

Na mimi huku nilidhani ukifika nyumbani yameisha. Sikujua watu wetu. Mzee Kibwana kwao ni Ulaya, hii ya hapa hapa Kilosa, si ya wazungu, na siku ya gulio alikuja na hadithi ameifunga kama kitenge dukani, akaikunjua mbele ya kila mtu. Kabla ya mchana Kilosa nzima wanakuita Daktari Muua Mama. Kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wanawavuta watoto wao ukipita. Mama Zuhura, jirani yangu wa mlango kwa mlango, niliyemshika mkono akizaa, alikuja uani na kifaranga kwenye kanga. Ameleta na watu wa kucheka.

"Daktari, shida ndogo. Huyu hali."

Ukakipokea.

"Mama yake nimemficha nyumbani," akasema. "Usije ukamuona bure."

Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Na wewe, Tatu, wewe mwanangu uliye mpumbavu kwa wema, ulikigeuza kifaranga, ukakitazama macho na kitovu, ukamwambia amwekee joto na maji safi, ukamrudishia mkononi taratibu. Mimi nilikuwa na mwiko. Nasikitika mpaka leo kwamba sikuutumia.

Baadaye ukaenda Njombe, na sasa unapanga parachichi. Kubwa huku, ndogo kule. Mtoto anayejua figo za farasi. Ulisema kwenye simu, "Mama, mimi sishiki tena bomba la sindano, hata la kuku." Nilikaa chini pale pale jikoni.

Sasa nisikilize habari mpya, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Kambi wamepata mtoto mwingine wa farasi mwaka huu. Siku chache baada ya kuzaliwa kitovu kikavimba, magoti yakavimba. Nani wa kumtibu? Mzee Kibwana, bingwa. Akachukua ile sindano ya wakubwa, akapunguza nusu, akapunguza tena nusu kwa huruma, akawa anachoma asubuhi na jioni. Magoti yakazidi. Mkojo ukawa kidogo, halafu ukakauka. Hapo ndipo wakamwita daktari wa farasi kutoka Arusha, mtu mzima mwenye mvi, na alipofika hakuwa na la kufanya ila kukaa kando ya mtoto.

Akauliza nani alipanga dozi hii. Mzee Kibwana akasimama mbele. Hakuwa na woga, Tatu, ndilo linalonichekesha mpaka naumwa mbavu. Alidhani anasifiwa. "Mtoto mdogo, dawa ndogo, mkuu. Na kama ni ya kunywa, unampa na mama ili maziwa yapeleke. Hata yule wa kwanza nilimpa mama yake yote iliyobaki kwenye ndoo. Msichana aliyekuwepo hapa hata hilo alikuwa halijui, na diploma yake."

Daktari akamwuliza, "Ulimpa mama erithromaisini?"

"Nilimpa. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Meneja alikuwa amesimama hapo hapo. Nimeambiwa na mpishi wa kambi, ambaye ni mtoto wa Ruaha na hajui kusema uongo vizuri, kwamba meneja alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na hakuinuka mpaka mtoto alipokufa.

Wiki ile ile gari la kambi likasimama mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa kibarazani napepeta mchele. Meneja Fredi akashuka, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

Nikaendelea kupepeta.

Unajua kwetu hilo ni nini. Shikamoo hata ya mlevi inaitikiwa, hata ya mtoto wa adui. Mimi niliiacha ya kwake hewani, na mtu mzima yule akasimama nayo juani. Akarudia. Mama Zuhura akaniita kutoka ng'ambo, "Mama Tatu, mgeni anakuamkia."

"Nimesikia," nikamwambia. "Masikio ninayo. Wewe sogea na wewe usikie vizuri."

Watu wakaanza kusogea, unajua mtaa wetu gari likisimama. Meneja akasema kwa sauti ya chini, "Mama, naomba tuzungumze ndani."

"Binti yangu mlimsema nje. Sema nje."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?"

Akatazama watu. "Tatu hakumuua Malkia."

"Bi Mwajuma ni kiziwi kidogo, yule pale nyuma. Ongeza sauti."

"Tatu hakumuua farasi. Mzee Kibwana ndiye aliyempa dawa. Tatu alikataza."

"Na wewe ulifanya nini?"

Nikachukua ungo tena. Ndipo akasema, "Nilimshikisha kamba."

Hapo nikaweka ungo chini nikamwambia, "Marahaba, mwanangu." Na kiti sikumpa. Nikamgeukia Mama Zuhura, nikamwuliza mbele ya watu wote, "Jirani, na mama wa kile kifaranga hajambo? Bado umemficha?" Akafunika mdomo kwa kanga. Bi Mwajuma, kiziwi wangu, ndiye aliyecheka wa kwanza. Tatu, nilingoja siku hiyo kama watu wanavyongoja mvua, na ilikuwa tamu. Wengine watasema mwanamke wa umri wangu hafai kufurahia hivyo. Waseme.

Meneja akaeleza shida yake. Mzee Kibwana wamemfukuza. Nikauliza ameondokaje. Akasema kwa miguu, na furushi lake, mpaka barabara kuu. Nikasema vizuri. Anakutaka wewe, uwe mkuu wa banda, maana yupo farasi mwingine karibu kuzaa, yule wa kijivu aliyekula mtandio wako siku ya kwanza. Daktari wa Arusha amerudi kwake na amewaambia wazi kwamba kama hakuna mtu anayeelewa vichanga, na mtoto wa huyu atakufa kama mwenzake.

Nikamwambia binti yangu ana kazi, na parachichi za Njombe hazimtukani mtu.

Akaomba namba yako. Nikamwambia simu yangu imeharibika, na simu ilikuwa inalia mapajani mwangu. Akauliza basi kama uliwahi kunifundisha chochote, hata kidogo, kuhusu kichanga na dawa. Mimi, Tatu, ninayejua yote, maji ya mwili, figo, sindano inayosubiri. Nikamtazama usoni nikasema, "Mimi mama wa kuku tu. Sijui." Akainama, akapanda gari, akaenda.

Hivyo ndivyo nilivyomfanyia. Wala sijalala vibaya.

Tangu siku hiyo watu wamebadilika kama hali ya hewa. Kwenye bomba la maji naambiwa pita mbele mama. Mama Zuhura ameleta bakuli la maandazi, akauliza mbuzi wake ana uvimbe, eti unarudi lini. Nikala maandazi. Nikamwambia amcheke huyo mbuzi, labda uvimbe utapungua.

Sasa nakuja kwako. Nimekukumbuka, mwanangu. Nikipika pilau naacha sufuria na ukoko wake kwa sababu wewe ndiye mla ukoko, halafu naukwangua mwenyewe nawapa kuku. Ningependa urudi, na ningependa usirudi kwao. Nikikufikiria unaingia tena geti lile na buti zako, unamwambia yule mtu habari za asubuhi, damu inanipanda. Mimi nimewakatalia. Wakija kesho nitawakatalia, na shikamoo yao sitaitikia.

Lakini mimi si daktari. Nimekaa hapa na hasira yangu inanitosha, nashiba. Wewe najua haikushibishi. Kila ukipiga simu unauliza kuku, kwa mzunguko, kama mtu anayeuliza habari za mchumba aliyeachana naye. Juzi uliniuliza yule mtetea mweupe ametotoa, na vifaranga wana umri gani, na sauti yako ikabadilika. Ulidhani sikusikia.

Yule farasi wa kijivu atazaa mwezi huu. Nimemwambia mpishi akutumie namba yake kwenye simu yako, si namba ya meneja, ya mpishi. Usipoipiga, mtoto akizaliwa na kitovu kibaya watamchoma kidogo kidogo kwa huruma mpaka figo zife, na mama yake atasimama juu yake maziwa yanamdondoka. Na mimi siku hiyo nitakula, nitaswali, nitalala usingizi wangu wote mpaka adhana. Sitajisingizia. Wewe ndiye hutalala. Nakujua, nimekunyonyesha.

Kwa hiyo amua mwenyewe, na usiamue kwa ajili yao wala kwa ajili yangu. Baridi ya Njombe ivalie sweta lile la bluu, na kula vizuri, sauti yako imekonda.

Nakuacha na Mungu, na nakuacha na sindano yako.

Ni mimi mama yako mzazi, mwenye binti anayetibu farasi,
Mama Tatu, Kilosa.